Creutzfeldt: Daktari wa meli aliyeuachia ugonjwa wa ubongo jina lake

Machi 27, 1996 Tume ya Ulaya ilifunga mlango wa nyama ya ng'ombe ya Uingereza. Haikuruhusiwa kuuzwa katika nchi nyingine za Umoja wa Ulaya wala mahali pengine popote duniani, na ng'ombe wazima nao walizuiwa. Mfugaji aliyekuwa na mnunuzi wake Ufaransa wiki moja kabla, alibaki na mifugo zizini na mkopo benki. Kisa chenyewe kilikuwa ugonjwa wa ubongo wa binadamu, wenye jina refu la Kijerumani ambalo wauza nyama wengi wa London walishindwa hata kulitamka. Ugonjwa huo umebeba majina ya madaktari wawili, Creutzfeldt na Jakob. La kwanza hutamkwa karibu na Kroitsfelt.

Mwenye jina hilo la kwanza alikuwa ameshafariki miaka 31 kabla. Hakuwa daktari wa mifugo, na zipo sababu nzuri za kuamini kwamba mgonjwa aliyemletea umaarufu hakuwa na ugonjwa huo hata kidogo.

Hans Gerhard Creutzfeldt alizaliwa Juni 2, 1885 katika mji wa Harburg, kaskazini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa daktari. Harburg uko ng'ambo ya mto Elbe ukitokea Hamburg, na leo ni sehemu ya jiji hilo. Wakati ule ilikuwa miji miwili chini ya watawala wawili, na msomaji anayevuka Namanga au Mutukula kila wiki ataielewa hali yake haraka. Hamburg, mji wa wafanyabiashara wakubwa wa bandari, ulikuwa bado nje ya umoja wa forodha wa Ujerumani. Uliingia Oktoba 1888, baada ya mabishano marefu, na hata hapo ukabakiza eneo lake huru la bandari. Creutzfeldt alikuwa na miaka mitatu. Alikulia mahali ambapo meli, mizigo na maofisa wa ushuru vilikuwa mambo ya kila siku.

Alisomea udaktari Jena na Rostock, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Kiel mwaka 1909, kisha akafanya kazi kwa muda katika hospitali ya Mtakatifu Georg, Hamburg. Njia iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya kawaida kwa kijana wa familia kama yake: wodi, cheo, baadaye labda zahanati binafsi. Badala yake alipanda meli. Akiwa daktari wa melini alizunguka bahari ya Pasifiki, na wakati ambapo mabaharia hawakumhitaji alijishughulisha na lugha za wenyeji wa visiwani, kazi zao za mikono na mimea ya nchi za joto. Haikuwa kazi ya kumpandisha cheo. Lakini ilimzoesha kuangalia kitu kigeni kwa muda mrefu kabla ya kukipa jina, na tabia hiyo inaonekana wazi katika kile alichoandika baadaye.

Aliporudi Ujerumani alichagua ubongo. Alipitia taasisi ya Frankfurt, kisha akaenda mashariki hadi Breslau, mji ambao leo ni wa Poland na huitwa Wrocław. Mkuu wa kliniki ya magonjwa ya akili pale tangu mwaka 1912 alikuwa Alois Alzheimer, yule yule ambaye jina lake limebaki kwenye ugonjwa wa kusahau wa wazee. Alzheimer aliwafundisha vijana wake kazi ya namna mbili: mgonjwa akiwa hai, andika kila anachofanya na kusema, akifa, na familia ikiridhia, kata ubongo vipande vyembamba kuliko karatasi, vitie rangi, vitazame kwa hadubini. Halafu linganisha.

Leo hilo linaonekana jambo la wazi. Mwaka 1913 halikuwa hivyo. Hakukuwa na mashine ya kupiga picha ya ubongo wa mtu aliye hai. Hakukuwa na kipimo cha umeme wa ubongo. Mtu akianza kuyumba, kuropoka na kutetemeka, jambo la kwanza lililowajia madaktari wa Ulaya lilikuwa kaswende iliyopanda kichwani, maana ilikuwa imejaa kila mji na kipimo chake cha damu kilikuwa kimegunduliwa miaka michache tu nyuma. Ikiondolewa kaswende, waliwaza pombe, kifafa, uvimbe, au ugonjwa wa kurithi. Nje ya hapo kulikuwa na giza.

Katika giza hilo aliletwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mtumishi wa ndani asiye na mtu wa maana wa kumsemea. Alikuwa akitembea kwa shida. Alikataa kula na kuoga, akaogopa vitu ambavyo wengine hawakuviona, misuli yake ikaruka yenyewe, na nyakati nyingine alicheka bila sababu. Afya yake ilipanda na kushuka. Mwishoni ilishuka tu, kifafa kikamwandama, akafariki Agosti 1913. Creutzfeldt, aliyekuwa na miaka 28, alikabidhiwa ubongo wake.

Alichokiona kwenye hadubini kilimsumbua. Seli za neva zilikuwa zimekufa kwa mabaka mabaka katika tabaka la juu la ubongo, huku seli saidizi zikiwa zimeongezeka kujaza nafasi. Lakini hapakuwa na dalili za uambukizo wa kawaida, kama zile zinazoonekana homa ya uti wa mgongo inapopita. Moto ulikuwa umepita bila kuacha majivu.

Alianza kuandika, vita ikamkatiza. Katika Vita Kuu ya Kwanza alihudumu kama daktari wa akiba wa jeshi la majini, akapangiwa meli iliyoitwa Greif, iliyokuwa ya kivita lakini ikijifanya ya biashara. Februari 29, 1916 ilikutana na meli ya Kiingereza katika bahari ya kaskazini, zikapigana kwa karibu na zote mbili zikazama. Creutzfeldt alikuwa miongoni mwa walionusurika. Bosi wake wa Breslau, Alzheimer, alikuwa amekufa miezi miwili kabla.

Taarifa ya mgonjwa wa Breslau ilichapishwa mwaka 1920, miaka saba baada ya mazishi. Creutzfeldt hakudai amegundua ugonjwa mpya wenye mipaka inayojulikana. Alieleza alichokiona, akasema ni cha ajabu, akaishia hapo.

Mwaka uliofuata Alfons Jakob, mtoto wa mwenye duka kutoka Aschaffenburg aliyekuwa akiongoza maabara ya ubongo katika hospitali ya Friedrichsberg mjini Hamburg, alichapisha wagonjwa wake mwenyewe. Hawa walikuwa watu wazima. Walisahau haraka, wakapoteza usawa wa mwili, wakakakamaa na kufa. Jakob aliisoma taarifa ya Creutzfeldt na akaona ukoo kati ya mambo hayo mawili. Mwaka 1922 Walther Spielmeyer, bingwa mwingine wa Kijerumani, akayaunganisha majina, na ugonjwa ukaitwa Creutzfeldt-Jakob.

Hapo ndipo mambo yalipopinda. Zaidi ya nusu karne baadaye, wataalamu waliporudi kwenye kumbukumbu za wagonjwa wale wa mwanzo, waliona kuwa kati ya wagonjwa watano wa Jakob, wawili ndio waliokuwa na alama za ugonjwa tunaouita hivyo leo. Mgonjwa wa Creutzfeldt hakuwemo: alikuwa kijana mno, ugonjwa wake ulikwenda na kurudi, na ubongo wake haukulingana. Inaelezwa kwamba Creutzfeldt mwenyewe hakukubali kuwa mgonjwa wake na wale wa Jakob walikuwa na tatizo moja. Hata hivyo jina likaendelea kutumika, na lake ndilo lililotangulia. Kwa haki, mtoto yule wa mwenye duka alistahili kutajwa peke yake. Jakob alifariki Oktoba 1931 akiwa na miaka 47, baada ya kuteseka kwa miaka na ugonjwa wa mifupa.

Creutzfeldt aliendelea kupanda ngazi. Alifanya kazi Berlin katika hospitali ya Charité chini ya Karl Bonhoeffer na kuwa profesa huko. Alimwoa Clara, binti wa Werner Sombart, mchumi aliyepata sifa kwa kuandika historia ya ubepari na wafanyabiashara wa Ulaya. Walipata watoto watano. Mwaka 1938 alirudi Kiel, safari hii kama profesa na mkurugenzi wa kliniki ya magonjwa ya akili na neva.

Mwaka huo haukuwa wa kawaida kwa mtu kukabidhiwa kliniki ya wagonjwa wa akili nchini Ujerumani. Wanazi walikuwa madarakani kwa miaka mitano. Sheria yao iliruhusu watu kuhasiwa kwa nguvu kwa madai ya magonjwa ya kurithi, na mahakama maalumu za afya ya kizazi ziliamua nani aguswe. Kuanzia 1939 ukaja mpango wa siri wa kuwaua wagonjwa wa akili na walemavu, ulioendeshwa kutoka nyumba moja ya mtaa wa Tiergarten namba 4, Berlin. Kwa gesi peke yake waliuawa zaidi ya watu 70,000 kufikia Agosti 1941, na mauaji yakaendelea kwa njaa na sindano hadi vita ilipokwisha.

Creutzfeldt alisimama wapi? Wasifu mwingi unamtaja kama mtu aliyewalinda karibu wagonjwa wake wote, na ni kweli kwamba hakujiunga na chama cha Wanazi. Mkewe Clara alifungwa jela kwa kusema hadharani mambo ambayo utawala haukutaka kuyasikia. Lakini upo upande wa pili. Alikuwa mwanachama mchangiaji wa SS, yaani mtu anayetoa fedha bila kuvaa sare, na aliketi katika mahakama za afya ya kizazi. Wanahistoria waliofungua mafaili ya Kiel wameonyesha kwamba wagonjwa kutoka kliniki yake walihamishiwa hospitali nyingine ambako wengi hawakutoka hai. Alijua kiasi gani alipotia saini, bado kunabishaniwa. Picha ya shujaa safi haisimami, na wala hakuwa katika kundi la madaktari waliopanga mauaji. Aliishi ndani ya mfumo, akakataa baadhi ya mambo na kuyafanya mengine.

Mabomu yaliiharibu vibaya Kiel, bandari ya jeshi la majini, nyumba na kliniki yake zikiwemo. Vita ilipokwisha mwaka 1945, Waingereza waliotawala eneo hilo walimkubali awe mkuu wa chuo kikuu. Majengo mengi yalikuwa kifusi, kwa hiyo masomo yalianza tena katika majengo ya kiwanda na ndani ya meli zilizotia nanga bandarini. Daktari wa zamani wa melini akawa anaongoza chuo ambacho sehemu ya wanafunzi wake walilala na kusoma majini. Hakudumu. Aligombana na Waingereza, mojawapo ya sababu ikiwa ni nia yake ya kupokea maofisa wengi wa zamani wa jeshi kama wanafunzi, na baada ya miezi kama sita wakamwondoa.

Kuna kisa kingine cha miaka hiyo kinachoeleza zaidi tabia yake. Katika mji wa Flensburg, karibu na mpaka wa Denmark, alikuwepo daktari aliyejiita Fritz Sawade, aliyekuwa akiandikia mahakama na ofisi za bima ripoti za kitaalamu kuhusu wagonjwa wa akili. Jina lake halisi lilikuwa Werner Heyde, mmoja wa wakuu wa mpango wa mauaji ya wagonjwa, aliyekuwa akisakwa na vyombo vya sheria. Madaktari na mahakimu kadhaa wa jimbo hilo walimjua na walinyamaza. Mwaka 1954 Creutzfeldt aliandika barua kwa rais wa mahakama ya jimbo ya masuala ya jamii akieleza kwamba Sawade si Sawade. Barua ilirudishwa na hakuna kilichofanyika. Creutzfeldt naye hakuipeleka mbele zaidi, kwa polisi wala kwa magazeti. Heyde aliendelea kuandika ripoti kwa miaka mingine mitano hadi alipofichuka mwaka 1959, kisha akajiua gerezani Februari 1964 kabla kesi yake haijaanza.

Ni vigumu kutoona mfanano na ile taarifa ya 1920. Aliona kitu, akakiandika kama kilivyo, akaacha wengine waamue. Kwenye hadubini tabia hiyo ilikuwa heshima. Kwa muuaji wa maelfu haikutosha.

Wakati Creutzfeldt akizeeka, ugonjwa wenye jina lake ulikuwa ukipata maana mpya kutoka mahali ambapo hakupatarajia. Mwaka 1957 madaktari Vincent Zigas na Carleton Gajdusek walieleza ugonjwa ulioitwa kuru miongoni mwa watu wa Fore katika milima ya Papua New Guinea, kwenye Pasifiki ile ile aliyoipita akiwa kijana. Wanawake na watoto walianza kuyumba, wakatetemeka, wakashindwa kusimama na kufa ndani ya mwaka mmoja hivi. Jamii hiyo ilikuwa na desturi ya kula miili ya ndugu waliofariki kama sehemu ya maombolezo, na wanawake na watoto ndio waliokula ubongo. Mwaka 1959 mtaalamu aliyezitazama bongo za wafu wa kuru aliona kwamba zinafanana na za wagonjwa wa Creutzfeldt-Jakob. Mwaka huo huo daktari wa mifugo wa Marekani, William Hadlow, aliona zinafanana pia na za kondoo wenye ugonjwa wa zamani wa Ulaya unaowafanya wajikwangue kwenye nguzo mpaka manyoya yatoke. Wafugaji wa kondoo wa Uingereza walikuwa wakiufahamu tangu karne ya 18, na wengi waliuficha ili wasikose mnunuzi.

Creutzfeldt alifariki Munich Desemba 30, 1964, akiwa na miaka 79. Majibu yalikuja baada yake. Mwaka 1966 maabara ya Gajdusek nchini Marekani ilitangaza kwamba sokwe waliodungwa tishu za ubongo wa wagonjwa wa kuru walikuwa wameugua. Mwaka 1968 ikawa hivyo kwa Creutzfeldt-Jakob. Ugonjwa ulikuwa unaambukiza, ijapokuwa kwa namna ya pekee: si kwa hewa wala kwa kushikana mikono. Mwaka 1982 Stanley Prusiner wa San Francisco alikipa kisababishi jina la prioni. Alisema ni protini tu, isiyo na vinasaba vya virusi wala bakteria.

Prioni inaeleweka hivi. Kila mtu ana protini hiyo kwenye ubongo, ikiwa imejikunja vizuri. Mara chache moja hujikunja vibaya, halafu humgusa mwenzake na kumgeuza awe kama yeye, na huyo humgeuza mwingine, kama noti bandia inayogeuza kila noti halali iliyolala nayo kwenye droo moja. Zilizoharibika hurundikana, seli za neva hufa, na ubongo hujaa matundu madogo kama sifongo. Kuchemsha vifaa vya upasuaji kwa njia ya kawaida hakuziui, na ndiyo maana kuna wagonjwa walioambukizwa hospitalini. Kati ya kila wagonjwa 100 wa Creutzfeldt-Jakob, kama 85 huupata bila sababu inayojulikana, na sehemu kubwa ya waliobaki huurithi. Kwa jumla ni mtu mmoja au wawili kwa kila watu milioni moja kwa mwaka, wengi wakiwa na miaka sitini na kuendelea.

Kuutambua bado ni kazi ya kuondoa uwezekano mmoja mmoja. Dalili kubwa ni kasi: mtu aliyekuwa akipiga hesabu za duka lake Januari, Machi hamjui mkewe. Misuli huruka, mwendo huyumba, macho huchanganya. Daktari makini huanza na yale yanayotibika, kwa kuwa kuna uvimbe wa ubongo unaosababishwa na kinga ya mwili unaofanana na huu na ambao dawa huuondoa. Huchunguza pia kaswende, virusi vya Ukimwi, upungufu wa vitamini, na tezi ya shingo. Kisha hutumia kipimo cha umeme wa ubongo, ambacho kwa wagonjwa wengi huonyesha mawimbi makali yanayojirudia karibu kila sekunde. Picha ya MRI huonyesha kingo za ubongo na viini vyake vya ndani vikiwa vimeng'aa isivyo kawaida. Hufuata maji ya uti wa mgongo. Tangu mwaka 1996 yalipimwa protini inayovuja seli zikifa, lakini hiyo huonekana hata kwa aliyepata kiharusi. Kipimo kipya zaidi huchukua tone la maji hayo na kulichanganya na protini nzima. Kama ndani yake mna prioni, ile nzima nayo huanza kujikunja, na mashine huona mwanga ukiongezeka. Hicho hukosea mara chache sana.

Pamoja na hayo yote, jibu lisilo na shaka kabisa hutolewa kama alivyofanya Creutzfeldt mwaka 1913, kwa kipande cha ubongo chini ya hadubini, na mara nyingi mwenye ubongo ameshafariki. Tiba haipo. Wengi huishi miezi minne hadi sita tangu dalili zianze.

Kwa kuwa huo ulikuwa ugonjwa wa wazee, madaktari wa Uingereza walishtuka walipoanza kuuona kwa vijana. Tangu Novemba 1986 ng'ombe wa nchi hiyo walikuwa wakiyumba na kuanguka kwa ugonjwa uliopewa jina la kichaa cha ng'ombe. Chanzo kilikuwa chakula: viwanda vilisaga nyama na mifupa ya mifugo iliyokufa na kuwalisha ng'ombe ili wakue haraka na kwa gharama ndogo. Mwaka 1988 serikali ilipiga marufuku kulisha ng'ombe unga huo, lakini iliwaambia wanunuzi nyama ni salama. Mei 1990 Waziri wa Kilimo, John Gummer, alijitokeza mbele ya kamera akimpa binti yake wa miaka minne baga ya nyama ya ng'ombe. Ilikuwa hakikisho la wanasiasa, na halikuwa na kipimo chochote nyuma yake.

Mwaka huo huo, bila kelele, kilianzishwa mjini Edinburgh kitengo cha kufuatilia kila mgonjwa anayeshukiwa kuwa na Creutzfeldt-Jakob nchini humo. Kazi yake ilikuwa ya kuchosha: kutembelea familia, kuuliza alikula nini na alifanya kazi wapi, kukusanya vipande vya ubongo, kulinganisha. Kufikia mapema 1996 kilikuwa na wagonjwa 10 ambao hawakufanana na waliozoeleka. Walikuwa vijana, walianza kwa huzuni na wasiwasi kabla ya kusahau, waliishi zaidi ya mwaka, na ubongo wao ulikuwa na mabonge ya protini yenye umbo lisilowahi kuonekana. Machi 20 serikali ilikiri bungeni kwamba huenda wameupata kutoka kwa ng'ombe. Siku saba baadaye mpaka ukafungwa.

Ng'ombe zaidi ya milioni nne walichinjwa na kuteketezwa, wengi wao wakiwa wazima. Anayesafirisha mifugo kwenda mnada wa ng'ambo na kukuta soko limefungwa kwa ugonjwa wa miguu na midomo anaijua hasara hiyo kwa udogo wake. Marufuku ya Ulaya ililegezwa Agosti 1999 kwa masharti ya umri na kumbukumbu za kila mnyama. Ufaransa ilikataa kufungua mpaka wake, ikashtakiwa na kushindwa katika Mahakama ya Ulaya Desemba 2001, na haikuruhusu nyama hiyo hadi mwaka uliofuata. Biashara ilirudi kikamilifu Mei 2006, miaka 10 baada ya kufungwa. Uingereza imepoteza watu 178 kwa aina hiyo mpya ya ugonjwa.

Watoto wawili wa Creutzfeldt wakawa wanasayansi wenye jina: Werner katika magonjwa ya tumbo na kisukari, na Otto, aliyetumia maisha yake kupima umeme wa seli za ubongo mjini Göttingen. Breslau, alikofariki yule mtumishi wa ndani, iko Poland, ndani ya Umoja wa Ulaya tangu 2004. Kitengo cha Edinburgh kingali kinafanya kazi, na mgonjwa anaposhukiwa popote Uingereza, daktari wake hukitaarifu.